Mpeni Mama Kalamu

SEHEMU YA 1: Kitanda namba 4

 Kwa mliojiunga karibuni: mimi ni nesi, nina diploma yangu ya uuguzi, nina watoto wawili, na wodi ya wazazi nimeifanyia kazi miaka tisa. Wiki hii sitaandika kuhusu uji wa lishe wala usafi wa kitovu. Kuna jambo nimelibeba muda mrefu, nataka nilitue hapa. Ni refu, nitaligawa vipande. Soma vyote, halafu mpe na mumeo asome.

Ilikuwa zamu ya usiku. Mama wa kitanda namba 4 alikuwa na miaka 24, mimba ya kwanza, fundi cherehani. Jina lake silitaji, na hospitali siitaji. Njia ilifunguka mpaka sentimita 7, ikagoma hapo. Chupa ilipopasuka, maji yakatoka ya kijani, maana yake mtoto ameshajisaidia humo ndani. Mapigo ya moyo ya mtoto akiwa tumboni yanatakiwa yawe kati ya 110 na 160 kwa dakika. Ya huyu yalishuka mpaka 100, yakapanda kidogo, yakashuka 90. Daktari akampima, akasema huyu aende thieta sasa hivi, akatangulia kujiandaa.

Nikamweleza mama. Akanishika mkono, akasema, "Nesi, nipasueni. Mtoto wangu apone." Saa 8 na dakika 10 usiku. Akili timamu, amesikia, ameelewa, amekubali.

Mimi nikachukua fomu, nikatoka nayo nje kutafuta ndugu.

Ndivyo tulivyozoeshana pale wodini. Mama akienda kupasuliwa, asaini mume. Mume hayupo, asaini ndugu wa mume. Huyu mume alikuwa dereva wa lori, yuko njiani kuelekea Tunduma, simu haipatikani. Shemeji akasema yeye hawezi kusaini jambo la mke wa kaka yake, tumsubiri mwenyewe. Mama mkwe akasema katika ukoo wao hakuna mwanamke aliyezaa kwa kisu, tumwongezee muda asukume, mabinti wa siku hizi wavivu. Nikawa naingia na kutoka, naingia na kutoka, fomu mkononi. Napiga simu, haipatikani. Napiga tena.

Saa 9 na nusu daktari akatoka thieta mwenyewe kuuliza mama yuko wapi. Nikamjibu tunasubiri sahihi. Akaniangalia, akauliza, "Kwani mama hana mikono?"

Mama akasaini. Aliandika majina yake yote matatu, kati ya uchungu mmoja na mwingine, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Mtoto alitoka hajalia. Tulimsaidia kupumua, akapelekwa wodi ya watoto wachanga, siku ya pili akafariki. Siwezi kukuapia kwamba ile saa moja na dakika 20 ndiyo iliyomchukua. Pengine alikuwa ameshachoka kabla. Ninachojua ni kwamba ule muda ulikuwa wa kwake na wa mama yake, na mimi niliutumia kutafuta mtu wa kuwasemea.

Asubuhi ile simu ya mume ikapatikana. Nikamweleza kila kitu, na jinsi tulivyomtafuta. Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza swali ambalo mpaka leo sijalijibu: "Sasa mlikuwa mnanisubiri mimi kwa nini? Yeye si alikuwepo?"

SEHEMU YA 2: Alikuwepo

Hebu tumwangalie huyu mama vizuri. Amepiga kura. Laini yake ya simu kaisajili kwa alama ya kidole chake, si cha mumewe. VICOBA walimkopesha hela ya cherehani ya pili kwa sahihi yake, na angeshindwa kurejesha wangemfuata yeye, wasingemfuata mama mkwe. Mteja akimletea kitambaa cha harusi, anakata mwenyewe kwa mkasi wake. Lakini tumbo ni lake, uchungu ni wake, kisu kinapita kwenye ngozi yake, tukamwambia: subiri, tunamtafuta mwenyewe.

Mwenyewe nani?

Katika kazi yetu kuna kitu kinaitwa ridhaa. Kwa lugha nyepesi: mtu mzima mwenye akili timamu haguswi mwili wake kwa matibabu mpaka aelezwe, aelewe, na akubali yeye. Ndugu anaingia pale ambapo mgonjwa hawezi kusema: amepoteza fahamu, yuko kwenye degedege la kifafa cha mimba, amechanganyikiwa hajitambui, au ni mtoto mdogo. Na kama hajitambui, hakuna ndugu, na hali ni ya kufa na kupona, daktari anafanya kinachookoa uhai, karatasi zitafuata. Ile mistari ya fomu inayoandikwa "mgonjwa au ndugu" ilikusudiwa hivyo. Hilo neno "au" sisi tumeligeuza, tukamweka ndugu mbele na mgonjwa nyuma.

Msidhani ni mambo ya wanaharakati. Baraza la Kimataifa la Wauguzi lina kanuni za maadili tangu mwaka 1953, zikafanyiwa marekebisho mara kadhaa mpaka mwaka 2021, na zinamtaka nesi ahakikishe mgonjwa anapata taarifa sahihi, za kutosha, zinazoeleweka na kwa wakati, ndipo aridhie matibabu. Hapa kwetu tuna Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 na tuna Baraza letu linalosimamia maadili. Darasani tulifundishwa. Kwenye mtihani niliandika vizuri nikapata alama zangu. Kisha nikaingia wodini, nikafuata mazoea.

Mnataka kujua kwa nini tunamtafuta mume? Nitasema ukweli hata wenzangu wakinuna. Tunaogopa. Mama akifa mezani, ndugu watakaokuja kupiga kelele getini ni wale walio nje. Yule aliye ndani atakuwa amenyamaza. Kwa hiyo tunatafuta sahihi ya mtu anayeweza kutuletea fujo. Fomu iliyotengenezwa kulinda mwili wa mama tunaitumia kujilinda sisi.

SEHEMU YA 3: Sahihi peke yake haitoshi

Wengi mmeniandikia mkisema, "Basi nesi, dawa ni mama kusaini mwenyewe, yaishe." Hapana mama zangu, haijaisha. Kuna sahihi na kuna ridhaa, na vinaweza kupishana kabisa.

Twende Namibia kidogo. Wanawake watatu wanaoishi na virusi vya UKIMWI walikwenda kujifungua katika hospitali za serikali, kila mmoja kwa wakati wake. Walitoka na watoto wao. Lakini walikuwa wamefungwa kizazi. Walipolalamika, wakaonyeshwa fomu, na sahihi zao zipo! Karatasi zilikuwa na herufi za kitabibu zinazofupisha jina la upasuaji wa kufunga kizazi. Wewe ungejua ni nini? Upo kwenye uchungu, umeambiwa saini hapa, ungesaini.

Walikwenda mahakamani. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ikawapa haki, serikali ikakata rufaa, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Namibia ikasema vilevile: sahihi zipo, lakini ridhaa haikuwepo. Uamuzi mkubwa na wa kudumu kama ule mwanamke anatakiwa aufanye akiwa ametulia, ameelezwa kwa lugha anayoielewa, amepata nafasi ya kuuliza na kwenda kufikiri.

Sasa najua kuna mtu atasema, "Nesi unajichanganya. Sehemu ya kwanza unataka mama mwenye uchungu asaini, hapa unasema mwenye uchungu asisainishwe." Swali zuri. Uchungu hauondoi akili ya mwanamke. Mama anaweza kabisa kuambiwa "mtoto amechoka, tukupasue" akaelewa na akajibu. Hilo haliwezi kusubiri kesho, kwa hiyo anaulizwa sasa, kwa maneno machache na ya wazi. Kufunga kizazi kunaweza kusubiri. Kitanzi kinaweza kusubiri. Kijiti kinaweza kusubiri. Jambo linaloweza kusubiri usilianzishe kwa mara ya kwanza mtu akiwa ameng'ata shuka. Hilo liongelewe kliniki, tumbo likiwa la miezi sita, amekaa kwenye kiti, amevaa nguo zake.

Na msiniambie hayo ni ya Namibia. Umeshawahi kusikia mama anasema, "Mimi nilijua nimewekewa kitanzi nilipokwenda kupima tumbo linalouma"? Umeshawahi kuongezewa njia, ukajua wakati wa kushonwa? Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2018 kwamba kuongeza njia kusifanywe kama desturi kwa kila mama. Kuna mama anahitaji kweli, na sekunde ni chache. Lakini "mama, mtoto amebana, nakuongezea njia kidogo, sawa?" ni maneno ya sekunde tano. Nimeyahesabu kwa saa ya ukutani.

SEHEMU YA 4: "Hataelewa huyo"

Leo nawashika mashati wenzangu wa nguo nyeupe, na mimi mwenyewe nikiwemo.

Tuna msemo wetu wa korido: "Huyo usimweleze sana, utamchanganya." Mwingine: "Ukimwambia yote atakataa." Tunausema kwa huruma kabisa, tukiamini tunamsaidia.

Kuna mama mmoja wa Uskoti anaitwa Nadine Montgomery. Kesi yake inasomwa na madaktari na wanasheria duniani kote. Alikuwa mfupi wa umbo na alikuwa na kisukari. Mama mwenye kisukari mara nyingi anapata mtoto mkubwa, na mtoto mkubwa anaweza kutoa kichwa halafu mabega yakakwama. Kwa mama wa aina yake hatari hiyo ilikuwa kama asilimia 9 mpaka 10. Alimwambia daktari wake kwamba ana wasiwasi na ukubwa wa mtoto. Daktari hakumtajia hatari ya mabega. Alieleza baadaye kwamba uwezekano wa madhara makubwa ulikuwa mdogo sana, na kwamba akina mama wakiambiwa wangechagua kupasuliwa.

Soma tena hapo. Hakuambiwa, kwa sababu angechagua.

Mwaka 1999 akajifungua kwa njia ya kawaida. Mabega yakakwama. Dakika 12 zikapita, mtoto akakosa hewa, akapata ulemavu wa maisha. Yule mama alipigania kesi hiyo mpaka Mahakama ya Juu ya Uingereza, na mwaka 2015 akashinda. Mahakama ikasema daktari ana wajibu wa kumwambia mgonjwa hatari ambayo mtu wa hali yake angeona ni muhimu, pamoja na njia nyingine zilizopo. Kipimo ni yule mgonjwa: yeye angetaka kujua nini? Si daktari peke yake anayepima kipi kinatosha.

Sasa wenzangu, mama wa kwetu tunamnyima maelezo kwa kuwa kasoma darasa la saba? Mama huyohuyo anajua hesabu za mchezo wa kila wiki, anajua nani kapokea na nani bado, bila daftari. Anajua mvua ikichelewa siku kumi mahindi yatakuwaje. Ukimwambia kwa Kiswahili cha kawaida, au kwa kilugha chake kama unakijua, ataelewa. Asipoelewa, shida ni maelezo yangu, nirudie.

Na kuna hasara nyingine ya ubabe ambayo hatuisemi. Mama akishajua nesi fulani ni wa kufoka, anamficha. Amekunywa dawa ya mizizi ya kuongeza uchungu nyumbani, hasemi. Sisi tunashangaa kizazi kinajikaza kwa nguvu namna ile, mapigo ya mtoto yanashuka, tunamuuliza "umekunywa nini?" anasema "sijanywa kitu, nesi." Anaogopa matusi kuliko kifo. Kizazi kinaweza kupasuka hapo. Kwa hiyo usifikiri kumheshimu mama ni mapambo ya hospitali za kulipia. Mama anayeheshimiwa anasema ukweli, na ukweli ndio dawa ya kwanza ninayohitaji mkononi.

SEHEMU YA 5: Akikataa je?

Hapa ndipo pagumu. Wengi wanaosema "tuheshimu chaguo la mama" wana maana tuheshimu akichagua wanachokitaka wao. Kitanda namba 4 alisema ndiyo. Je, akisema hapana?

Nilimhudumia mama mmoja, Shahidi wa Yehova, mimba ya tatu. Imani yake haimruhusu kuongezewa damu. Alitueleza mapema kliniki, akaleta na karatasi yake aliyosaini. Mimi kuongezewa damu sioni kosa, na nikipungukiwa leo niongezeeni. Nilimwona kama anacheza na maisha, akiwa na watoto wawili wanaomsubiri nyumbani.

Siku moja nikamwita peke yake. Nikamwomba mumewe asubiri nje, na yule mzee wa kanisa lao aliyekuja naye asubiri nje pia. Nikamuuliza, "Dada, hapa tuko wawili. Hili ni lako au ni lao?" Akacheka kidogo, akasema, "Nesi, ni langu. Asante kwa kuniuliza nikiwa peke yangu."

Basi. Nikawa nimepata nilichotakiwa kupata. Kazi yangu ikabadilika kuanzia hapo: kutoka kumbishia, ikawa kumwandaa. Tukampandisha damu kwa vidonge vya madini ya chuma na chakula, ikafika 11.8. Tukapanga ajifungulie hospitali yenye thieta, asijaribu zahanati. Faili likaandikwa wazi ili zamu yoyote imkute na maelezo yake.

Akajifungua salama, kisha akaanza kutoka damu. Mnaojua leba mnajua damu ya baada ya kuzaa inavyokimbia. Sindano ya kukaza kizazi, kukanda kizazi, dawa ya kusaidia damu igande, maji ya mshipa, daktari mikono ndani. Katikati ya hayo nikainama sikioni kwake, nikamuuliza tena. Akatikisa kichwa: hapana. Mumewe alikuwa mlangoni analia, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa anasema, "Muongezeeni! Muongezeeni jamani!"

Mnaona? Ningekuwa bado mtu wa kusikiliza sahihi ya mume, ningemtundikia damu palepale, tena kwa furaha. Mkono wangu ulitaka. Nilikwenda nyuma ya pazia nikalia, nikarudi.

Damu ikakata. Alibaki na 5. Alikaa wodini siku nyingi, mweupe kama karatasi, akatoka kwa miguu yake na mtoto mgongoni. Najua mtu ataniuliza: angekufa je, ungeandika hivi? Nimejiuliza sana. Ningeandika haya haya, ila pengine ingenichukua miaka. Kwa sababu mwili ambao mtu mwingine anaweza kuuamulia "kwa faida yako" ndio ule ule wa wanawake wa Namibia. Huwezi kuufungua ule mlango upande mmoja tu.

Ila mpaka upo, na niuseme wazi. Hii ni kwa mtu mzima na mwili wake mwenyewe. Mtoto mchanga hajachagua imani, hajachagua mganga, hajachagua kitu. Mzazi anamwamulia mtoto kwa faida ya mtoto, na akitaka kumnyima kinachookoa maisha yake, hapo mimi sinyamazi, nitaita daktari, ustawi wa jamii, na kila mtu. Na pia kumwacha mama akatae bila kumweleza nini kitatokea, halafu niandike "amekataa matibabu" nikaendelee na chai yangu, huko ni kumtelekeza. Nisiseme nimemheshimu.

SEHEMU YA 6: Majibu kwa akina baba, na kwa wenzangu

Baba mmoja kaniandikia: "Nesi, mimi ndiye ninayelipa bili. Halafu unaniambia sina sauti?" Kaka yangu, sauti unayo. Kaa naye, mshauri, mwombee, bishaneni nyumbani mpaka usiku wa manane. Mke mwenye akili atakusikiliza, kwa kuwa mnalea pamoja. Ila kulipia mafuta ya gari hakukupi haki ya kumwamulia dereva afunge breki lini, wakati wewe uko Tunduma na yeye ndiye kashika usukani. Na yule dereva wa lori niliyemsema hakudai sahihi. Sisi ndio tuliomlazimisha awe nayo, tukamwachia na kilio chake.

Mwingine: "Mila zetu mume ndiye kichwa." Sawa. Sijaja kuvunja ndoa ya mtu. Lakini katika mila zetu hizohizo, mwanamke akiwa kwenye uchungu wanaume walitoka nje ya nyumba, wakaachia wakunga na mzazi. Nani alikuwa anamfuata baba kilabuni kumuuliza mtoto ageuzweje? Hii habari ya karatasi ya mume tumeileta juzi, tukaivika kanzu ya mila.

Mama mkwe mmoja: "Sisi tulizaa bila haya maswali yenu." Mama yangu, shikamoo. Wewe ulizaa, ukapona, nashukuru. Wale ambao hawakupona hawapo hapa kutuandikia.

Kwa wenzangu mnaosema "tuko wawili kwa akina mama 20, muda wa kuelezana unatoka wapi?" Hiyo ni kweli, na naidai serikali yetu waajiri kila siku. Nimekesha zamu hizo, najua miguu inavyovimba. Lakini ile usiku ya kitanda namba 4 sikukosa muda. Nilitembea ndani na nje kwa saa moja na dakika 20. Muda niliutumia kumkwepa mwenye jibu.

SEHEMU YA 7: Ufanye nini wewe

Ya mwisho, nataka uondoke na kitu mkononi.

Kwanza, maongezi yafanyike nyumbani kabla ya miezi minane. Mwambie mumeo, mwambie mama mkwe kwa heshima, wote wakiwepo: "Ikitokea napasuliwa na nina fahamu zangu, nitasaini mwenyewe. Nikipoteza fahamu, atakayesema kwa niaba yangu ni fulani." Mtaje huyo fulani. Awe mume, dada, mama yako, unayemwamini. Mwambie na nesi wa kliniki aandike kwenye kadi.

Pili, unapoambiwa utafanyiwa jambo lolote, uliza maswali manne: Ni nini hicho? Kwa nini? Kuna njia nyingine? Nikisubiri au nikikataa, nini kitatokea? Ukiona aibu, kumbuka unauliza habari ya mwili wako, hauombi hisani. Ikiwa ni dharura utajibiwa kwa ufupi, nawe jibu upesi. Ukijua majibu yako mapema, hutachelewa.

Tatu, usisaini usichokielewa. Sema, "Nisomee kwa Kiswahili." Hata kama fomu ina lugha ya kigeni, mwenye kuileta analipwa aielewe.

Nne, kukataa ni haki yako, ila usikatae kwa hasira ya nesi aliyekufokea. Dai mwingine akueleze. Na ukikubali jana, leo ukabadili mawazo kabla halijafanyika, ruksa.

Tano, usitufiche ulichokunywa. Hata kama mimi nitakunja sura, sema.

Na nyie akina baba mliosoma mpaka hapa, Mungu awabariki. Siku tukikupigia simu usiku wa manane kukuomba ruhusa ya kumpasua mkeo mwenye fahamu zake, tuulize lile swali la dereva wa lori: "Yeye si yupo?"

Yule mama wa kitanda namba 4 alirudi baada ya miaka miwili. Nilimkuta leba, kaletwa na mumewe. Aliponiona nilitaka nijifiche stoo ya vifaa. Daktari alipoamua apasuliwe tena, nilichukua fomu, nikakaa kitandani kwake, nikamsomea mstari kwa mstari. Nikamuuliza kama ameelewa. Akasema ameelewa. Nikamwambia pole kwa ile mara ya kwanza, nilipaswa kukupa wewe. Hakunijibu neno. Alinyoosha mkono, akachukua kalamu.

Msichana, kilo 3 na gramu 200. Alilia mpaka korido ikasikia.

Zamu yangu inaanza saa 2 usiku, naenda kuoga. Msambazie mama yeyote mwenye tumbo.